Mshipi Ukilegea, Yuko

Maneno haya niliyasema mbele ya kundi la wavuvi wa mashua ndogo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, vicheko na kukohoa nikaviacha.

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie samaki mmoja tu, na muda niliopewa hautoshi hata kumteremshia chambo. Basi sitazunguka. Mnauona mshipi huu wa kuvulia nilioufunga kwenye ukingo wa meza, na chubwi, kile kizito cha kuuzamisha, inayoning'inia chini yake? Uacheni hapo hapo. Tutaurudia, na atakayeugusa kabla ya wakati nitamjua.

Samaki mwenyewe kitaalamu anaitwa Trichiurus lepturus, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758. Neno lile la kwanza limetoka katika Kigiriki, na ukilifumua unapata unywele na mkia. Kwa hiyo leo nitamwita mkia-unywele. Najua wapo wanaomwita panga, na umbo lake linawapa haki, ila majini panga ni wengi, na sipendi mtu aondoke hapa akidhani nilikuwa namsema mwingine.

Ni mrefu, bapa, mwembamba, kama mkanda uliovuliwa kiunoni ukatupwa. Hana gamba hata moja. Hana mapezi ya tumboni. Pezi la mkia pia hana: mwili unapungua, unapungua, mpaka unaishia uzi. Pezi la mgongoni limeanzia nyuma ya kichwa likaenda moja kwa moja mpaka kule karibu na uzi. Na ile fedha yake si ya kusema tu, kwani ukimshika inakubaki viganjani. Ni guanini ile, kemikali inayong'arisha ngozi ya samaki, na ndiyo iliyotumika kung'arishia lulu za bandia, kwa hiyo huenda kuna bibi harusi amewahi kumvaa shingoni bila kujua. Mkubwa aliyewahi kuandikwa alifika sentimeta 234, lakini wanaopanda kwenye mashua zetu wengi ni wa meta moja hivi. Anapatikana karibu katika bahari zote zenye maji ya joto na ya vuguvugu, na wataalamu bado wanabishana kama kweli ni samaki mmoja au ni ndugu kadhaa waliopewa jina moja. Takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zilimweka kwa miaka mingi katika orodha ya samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi duniani, zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, nyingi zikitoka pwani za Asia ya Mashariki. Mtu akikuambia ni samaki adimu, mjibu kwamba adimu yuko kwenye ndoana yake.

Na hapo ndipo penye maneno. Samaki wa tani milioni, mwenye uroho wa kula hata watoto wake, kwa nini mtu anakesha juu ya kundi lao asipate mmoja?

Jibu liko katika namna anavyokaa majini. Samaki wengi tunaowavua wamelala kama mtumbwi, kichwa mbele mkia nyuma. Huyu anasimama. Kichwa juu, mkia chini, wima kama mwiko uliotumbukizwa kwenye chungu, na lile pezi refu la mgongoni linatikisika vijiwimbi vidogo kumweka pale pale. Wajapani wanamwita tachiuo, na jina lao linaelezwa kwa njia mbili: samaki wa upanga, au samaki asimamaye. Mimi napenda hiyo ya pili. Macho yake makubwa yanaangalia juu, ambako maji yana mwanga zaidi kidogo kuliko chini, na kila kipitacho hapo kinaonekana kama kivuli. Akikiona anapanda.

Sasa fikirini na mshipi. Changu au kolekole akichukua chambo anaondoka nacho, ama kando ama chini, na mshipi unavutwa. Vidole vyetu vimefunzwa hivyo tangu utotoni: kuvutwa ndiyo habari. Mkia-unywele anatoka chini, anakikamata chambo, na anaendelea kupanda. Anaibeba na chubwi. Kwa hiyo mshipi hauvutwi, unalegea. Ule uzito mdogo uliokuwa unausikia kwenye kidole unaondoka, kama mtu aliyekuwa amekushika mkono akauachia.

Mshipi ukilegea, yuko. Mengine yote nitakayosema, nanga, maji, taa, yanakuja kwa sababu ya kulegea huko.

Usiku wangu wa kwanza kumtafuta nilikesha saa sita nzima. Kila nilipopandisha mshipi nilikuta dagaa wangu amekatwa katikati, kumekatika safi kama kwa wembe, kichwa kimebaki kwenye ndoana na mwili haupo. Nikisikia kitu kimegusa, navuta kwa nguvu. Nikisikia mshipi mwepesi, nadhani chambo kimekwenda, napandisha haraka nitie kingine. Chambo cha kilo mbili kiliisha hivyo. Pembeni yangu kulikuwa na mashua ya mzee mmoja ambaye usiku kucha hakuongea, na kila baada ya muda nikisikia kitu kinapigapiga ndani ya gunia lake. Karibu na alfajiri nilimwuliza, Baba, wewe unatumia nini? Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Kama unachotumia. Ila wewe unamnyang'anya."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkia-unywele hamezi kwanza. Anakamata, mara nyingi kwa ubavu au upande wa mkia wa chambo, anakata au anashikilia, kisha anageuza. Yale meno ya mbele ya taya la juu ni marefu, na ncha zake zina kidole cha kurudi nyuma kama ndoana, kwa hiyo akishashika hana wasiwasi wa kuponyokwa. Ana muda. Asiye na muda ni wewe uliye juu.

Niwaeleze mguso wenyewe, maana ukiujua nusu ya kazi imekwisha. Uko gizani. Mshipi umeupitisha juu ya kidole cha shahada, umekibana kidogo kwa dole gumba, na unausikia uzito wa chubwi, mdogo lakini upo. Kwanza inakuja mikwaruzo. Si kugonga, ni kama mtu anakuna mshipi kwa ukucha, mara mbili, mara tatu, halafu kimya. Usifanye kitu. Moyo utakwenda mbio, uache uende, mkono ndio usiende. Baada ya kimya hicho, ama mikwaruzo inarudi, ama uzito unatoweka. Ukitoweka, kunja mshipi polepole, kwa vidole, urefu wa shibiri, shibiri, bila kushtua, mpaka uzito urudi. Na utakaporudi hautakuwa uzito wa chubwi tena. Utakuwa mzito zaidi, na unaishi. Hapo ndipo unavuta, na unavuta kwa mfululizo mmoja, mkono juu ya mkono, usikawie na usishtue. Mdomo wake ni mfupa na meno, ndoana inaingia kwa kubanwa, haiingii kwa kupigwa. Ukishtua, unamng'oa chambo. Ukimpa nafasi akalegeza katikati ya safari, anafungua mdomo na mmeagana.

Kuna watakaoniambia wao hushtua na wanapata. Sibishi. Usiku ambao kundi limekuja na njaa, hata kijiko ungepata. Mimi nazungumzia usiku wa kawaida.

Sasa mlango wa mto. Wengi wanadhani huku ndani ni bahari iliyofinywa tu. Sivyo. Maji ya mto ni mepesi, ya bahari ni mazito kwa chumvi yake, na yanapokutana hayachanganyiki mara moja. Ya chumvi yanajipenyeza chini kama kabari, ya mto yanapita juu yake. Kwenye mlango wenye kina unaweza kuona takataka zinaelea kwenda baharini huku chini, pima saba au nane (pima moja ni karibu meta mbili), maji yanaingia ndani. Mikondo miwili, mmoja juu ya mwingine, na mshipi wako umekatisha yote miwili.

Kinachotokea ni kwamba mshipi unafanya tumbo. Wewe unaona umeingia wima, kumbe katikati umevimba kama tanga. Samaki anapopanda na chambo huko chini, anaanza kwanza kulipunguza lile tumbo, na kidole chako hakipati habari mpaka amemaliza. Kwa hiyo wapo wanaokaa juu ya samaki wanaokula, na wao wanasema leo hakuna kitu. Dawa ya kwanza inayowajia watu ni chubwi kubwa. Ni dawa mbaya. Chubwi kubwa inaunyoosha mshipi, kweli, lakini samaki anapopanda anabeba jiwe, na akisikia jiwe anaachia. Mimi hutumia chubwi ndogo kabisa inayoweza kufika chini, na mshipi mwembamba kuliko ule ambao moyo wangu ungependa, kwa sababu mshipi mwembamba unapigwa kidogo na mkondo. Kilichobaki namwachia mwezi na maji.

Maana yake, chagueni maji. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mlango wa mto unakimbia kama mferejini, na hapo kuhisi kulegea ni ndoto. Katika maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mikondo inapoa na muda wa maji kusimama kati ya kujaa na kupwa unakuwa mrefu zaidi. Hapo ndipo pangu. Nafika saa nzima kabla maji hayajasimama, natulia, na navua kwa makini katika kipindi kile cha utulivu na kidogo baada yake. Nimewahi kupata nje ya kipindi hicho, lakini si kwa kujua, ni kwa bahati tu, na bahati sikuja kuifundisha hapa.

Mvua kubwa ikinyesha bara, subirini. Lile tabaka la maji ya mto linanenepa, matope yanashuka, na mkia-unywele, ambaye ni samaki wa maji ya chumvi, ama anateremka zaidi kwenye mashimo ama anarudi nje. Ukilazimika kwenda, tafuta mashimo yenye kina kuelekea upande wa bahari, kwenye kona ambako mto umechimba ukingo, au pale ambapo hori, ule mkono mwembamba wa maji, inaungana na mto mkubwa.  Mtu anayemtafuta kwenye maji ya kiunoni amechagua samaki mwingine.

Kina nacho hakikai pahali pamoja. Waliomchunguza wameona kwamba wadogo na wakubwa wanapishana kama zamu za walinzi: wadogo hukaa chini mchana na kupanda karibu na uso usiku kula, wakubwa mara nyingi hufanya kinyume chake. Kwenye mlango wa mto mambo hayanyooki hivyo, kwa kuwa chini si mbali. Ninachofanya ni kuteremsha mishipi mitatu: mmoja pima moja kutoka chini, mmoja katikati, mmoja pima mbili tu kutoka juu. Kila pima mbili nimefunga kauzi ka pamba kwenye mshipi, kwa hiyo hata gizani kidole kinanihesabia. Mmoja akila pima sita, mishipi yote inahamia pima sita. Hawa ni watu wa kundi. Lakini ndugu zangu, mishipi mitatu kwa mtu mmoja ni mingi ukishajua walipo. Baki na miwili. Ulio mkononi ndio unavua, wa pili unasubiri.

Nije kwenye mashua, na hapa nitakaa kidogo.

Mashua ndogo iliyotia nanga moja haitulii. Inazunguka, inapiga omo, yaani mbele yake, kushoto, inapiga kulia, upepo ukiisukuma mshipi unakaza, ikirudi mshipi unalegea. Sasa niambieni, kulegea kwa mashua na kulegea kwa samaki utavitofautisha vipi? Huwezi. Ndiyo maana wanaomvua huyu samaki wanapenda kutia nanga mbili, omo na tezi, mbele na nyuma, mashua ikae kama meza. Ni kweli, inavuliwa vizuri sana hivyo. Na ndiyo njia ya haraka zaidi ninayoijua ya kuzamisha mashua ndogo.

Nilijifunza kwa mwili wangu. Nilikuwa nimefunga mbele na nyuma, hori imetulia kama kioo, samaki wanakula, wawili tayari wako ndani. Nilisahau saa. Maji yaliyosimama hayakai yakisimama, yakageuka, yakaanza kupwa, na mimi nimeinama na mshipi wangu. Kwanza nilisikia kamba ya tezi inalia. Kamba ya nailoni ikikazwa sana inatoa mlio mwembamba kama mbu. Nikainua kichwa, nikaona mkondo umekuja kwa ubavu wa nyuma, na tezi, ambako kuna injini na uzito wote, imevutwa chini kiasi cha vidole vinne kutoka kwenye maji. Nikaenda nyuma kufungua fundo. Kosa. Uzito wangu ndio uliokamilisha. Maji yakaingia juu ya ukingo, si wimbi, ni karatasi tu ya maji, laini, bila kelele, na haikukoma. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Usiku ule nilielewa kwa magoti, maana ngama, lile tumbo la mashua yanakokusanyika maji, ilijaa mpaka magotini nikiwa bado nahangaika na fundo lililokazwa na mkondo. Kisu cha chambo kilikuwa pale pale. Nilikata. Mashua ikaruka, ikazunguka kwenye nanga ya omo, ikatulia ikitazama mkondo kama inavyotakiwa, nami nikaanza kuchota maji kwa ndoo huku mikia-unywele wangu wawili wakielea ndani ya mashua. Nanga ya tezi iko huko mpaka leo.

Basi sheria zangu mbili tatu. Nanga ya omo ndiyo nanga, ya tezi ni ya kusaidia tu, nayo iwe nyepesi. Nanga ya omo ipewe kamba ya kutosha, mara tatu ya kina katika maji tulivu, mara tano au zaidi kukiwa na upepo, na kipande cha mnyororo mbele ya kamba ili ilale. Kamba ya tezi isifungwe fundo la kudumu, izungushwe kwenye kigingi kwa fundo linalofumuka kwa mvuto mmoja, na mwisho wake ufungwe boya dogo. Siku ya kuiachia, unaiachia bila kuipoteza, kesho unakuja kuokota. Na iachiwe kabla mkondo haujaanza kukimbia, si baada. Saa yangu ya mkononi siku hizi inalia dakika kumi kabla ya maji kugeuka, hata kama samaki wanapanda wenyewe ndani ya mashua. Fulana ya kujiokoa iwe mwilini. Ikiwa chini ya benchi imekunjwa vizuri, hiyo ni pambo.

Na msitie nanga kwenye njia ya vyombo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za mwaka 1972, zinataka chombo kiepuke kutia nanga kwenye njia nyembamba ya maji kama hali inaruhusu, na milango ya mito mara nyingi ndiyo hiyo. Usiku, chombo kilichotia nanga kinaonyesha taa nyeupe inayoonekana pande zote. Mashua ya chini ya meta 7 imepewa msamaha kidogo, mradi isiwe ndani au karibu na mahali wengine wanapopita. Mimi msamaha huo siutumii. Anayekuja kwa kasi gizani hajasoma urefu wa mashua yangu.

Kuhusu taa kuna ubishi wa zamani: je, mwanga unamleta mkia-unywele au unamfukuza? Kwa uzoefu wangu, mwanga unaleta dagaa, na dagaa ndio wanaomleta yeye, lakini yeye mwenyewe anakaa pale mwanga unapokomea, kwenye ukingo wa kiza, akiangalia juu. Kwa hiyo taa yangu ya nanga iko juu kwenye mlingoti, na ndani ya mashua giza. Kwenye mshipi nafunga kijiti kidogo cha mwanga, vile vya plastiki unavyovunja vikang'aa, nusu pima juu ya chambo. Nikikifunga karibu zaidi, mara kadhaa amekiuma chenyewe na kuukata mshipi, na hapo unapoteza vyote.

Vifaa vingine nitavipita haraka, kwa kuwa watu hupenda kununua vifaa kuliko kukaa kimya. Mbele ya ndoana weka waya mwembamba, shibiri moja na nusu inatosha, meno yake yanakata nailoni kama uzi wa kushonea. Wengine huunganisha ndoana tatu mfululizo badala ya waya, na zinafanya kazi, kwa kuwa chuma ndicho kinachokutana na meno. Chambo kiwe kirefu na king'ae: dagaa mzima, kibua mdogo, au kipande chembamba cha tumbo la mkia-unywele mwenzake. Ndiyo, wanalana. Utawapata wengi wamekatwa mikia na kidonda kimeshapona, na aliyekata ni ndugu wa kundi lile lile. Kikulacho ki nguoni mwako, na wao nguo zenyewe hawana. Hakikisheni tu chambo kimekaa kimenyooka kwenye ndoana, maana kikijikunja kinazunguka, na kikizunguka mshipi unajisokota, na mshipi uliojisokota haukwambii kitu.

Akifika juu, msishangilie bado. Hapigani sana njiani, anakuja kama kitambaa kilicholowa, halafu anapoona ukingo wa mashua anakumbuka kwamba yuko hai. Msimshike kwa mkono mtupu, na asishikwe karibu na kichwa. Mimi namwinua kwa mfululizo ule ule mpaka ndani, nafunika kwa gunia lililolowa, nambana nyuma ya kichwa juu ya gunia, na nakata uti wa mgongo hapo hapo kwa kisu kinene. Ni heshima kwake na usalama kwangu. Ndoana inatolewa kwa koleo refu, baada ya kifo na si kabla, na hata baada ya kifo vidole vikae mbali na yale meno. Kwenye mashua ya watu wawili, mmoja anavuta, mwingine hachezi na miguu mitupu. Mnacheka, lakini nimeona kidole cha mguu.

Kisha barafu mara moja, na maji kidogo ya bahari juu ya barafu, amelazwa amenyooka. Akikunjwa kwenye ndoo anakakamaa amekunjika, na nyama yake laini inapasuka ukimnyoosha. Ile fedha itatoka ikipakaa kila mahali, mikononi, kwenye suruali, kwenye usukani. Asubuhi utarudi nyumbani unang'aa, hata kama hukupata kitu zaidi ya mmoja.

Mmoja wenu aliniuliza pale mlangoni kabla hatujaanza: na usiku ambao mshipi haulegei kabisa? Ndugu, upo. Hawa wanakuja na kuondoka kwa sababu zao. Msimu mmoja shimo limejaa, msimu unaofuata mahali pale pale unavua kimya. Nikikaa maji mawili ya kusimama bila mkwaruzo, nang'oa nanga nahamia shimo jingine, na huko nikikaa moja bila kitu narudi kulala. Lakini kabla ya kuhama najiuliza kwanza kama kweli haukulegea au ni mimi sikusikia. Mara nyingi ukipandisha chambo kitakujibu. Kikiwa kizima, hawapo. Kikiwa na alama za meno, walikuja ukiwa unazungumza.

Sasa tuje kwenye mshipi huu wa mezani. Chubwi hii ni ndogo, kama punje mbili za mahindi. Atakuja mmoja mmoja, atafumba macho, ataupitisha mshipi juu ya kidole hivi. Mimi nitakuwa chini ya meza. Nitaukuna kwa ukucha mara mbili tatu, nitatulia, halafu wakati ninaoujua mwenyewe nitaibeba chubwi kwenye kiganja, polepole. Ukisikia uzito umeondoka, usivute. Niambie tu, yuko. Na nyinyi mliokaa, kimya tafadhali, hata viti visilie.

Nani anaanza? Haya, wewe wa shati la buluu uliyesema unashtua na unapata. Njoo, fumba macho.